Flashi Aliyoifungua Mbele Yetu

Tangu mzee wa studio afariki, kila ninayekutana naye hapa Nzuguni, Dodoma, ananiambia alikuwa mwaminifu. Wananiambia kana kwamba sikujua. Nilimjua kabla wengi wao hawajahamia huku, na nakubali, alikuwa mwaminifu, na ndiyo maana nina hasira naye mpaka leo. Mtu akiwa tapeli unamlaani mara moja ukapumzika. Huyu sijapata mahali pa kumwekea laana. Nimelia msibani kwake kama wengine, na nilipomaliza kulia nikakuta hasira iko palepale nilipoiacha.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kando ya njia ya sokoni. Ukutani alitundika pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala wawili. Katika mji huu ambao watu wanatukanana bombani kwa ajili ya ndoo moja, sisi tulipigwa picha mbele ya maji yanayomwagika bure. Mtu akimtania juu ya hilo alijibu, "Kama hutaki maji, simama upande wa swala."

Alikuwa mkali. Alimfokea bibi harusi mbele ya wakwe: "Usicheke kama umeona pilau! Cheka kama umeona mume!" Watoto walimwogopa. Lakini mjane akija kupiga picha ndogo ya kubandika kwenye fomu za mirathi, alimwekea kiti, akampa maji, akangoja mpaka macho yakauke, hata kama wafanyakazi wa bungeni wamejazana mlangoni na suti zao wakidai wana haraka. "Ninyi mtarudi kesho," aliwaambia. "Huyu uso wake wa leo hauji tena." Hao hao wa bungeni ndio waliomlipa vizuri, na hao hao ndio aliowakaripia zaidi. Picha yake mwenyewe hakutaka ipigwe kabisa. Ukimwelekezea kamera alijikinga uso kwa kiganja kama mtu aliyemulikwa na tochi.

Alikuwa Mkristo, lakini kwenye harusi ya Kiislamu alianza kwa bismillahi, na kwenye harusi ya kanisani alisema Bwana asifiwe kabla hajagusa kamera. Padri mmoja alimuuliza yuko upande gani. Akasema, "Nikiwa kazini nina dini ya mwenye shughuli."

Wakati wa kamera za mikanda hakuna aliyekuwa mchaguzi kama yeye. Hakukubali mkanda uliopangwa kwenye kioo cha duka. "Huo umeota jua wiki nzima kama mjusi," alisema. "Nipe wa chini kabisa, nyuma ya sabuni." Nyumbani mikanda yake aliitia kwenye kopo, akalifukia kopo kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, maana joto la Dodoma linaharibu rangi. Mkewe alilalamika kwamba mtungi umegeuka ghala.

Na picha zikishasafishwa, alikuwa na jambo moja ambalo wapiga picha wengine hawakuwa nalo. Negativu zote aliwapa wenyewe. Wengine walibaki nazo ili ukitaka picha nyingine urudi kwao. Yeye alisema, "Negativu ndiyo mama wa picha. Mama halali nyumba ya mtu baki."

Watu walimpenda kwa hilo, na sababu ilikuwepo. Mpiga picha mwingine pale mjini aliwahi kumtundika mke wa mtu kwenye dirisha la studio yake, mkubwa, amepambwa, bila kumuuliza mtu. Picha ile ikafika kwenye vibanda vya vinyozi. Ndoa ya yule mama ilivunjika, na hakuwa amefanya lolote zaidi ya kukaa vizuri kwenye kiti. Baada ya hapo watu wetu wa Kondoa, ambao kwa mambo ya wanawake wao hawana mchezo, walimwendea mzee wa studio peke yake. Alikuwa akiwatania, "Ninyi watu wa Kondoa mna siri mpaka kwenye picha ya mbuzi." Lakini siri zao alizitunza.

Halafu maduka yakafunguka. Tuliokulia kwenye foleni ya sukari tuliona ghafla kila kitu kimemwagwa barabarani: redio, saa, viatu, kamera zisizotumia mkanda. Viongozi walituambia kwamba sasa ni soko huria na mwananchi atachagua mwenyewe. Mzee wa studio akauziwa kamera ya namna hiyo na mtumishi mmoja wa bunge aliyepata mpya zaidi, na kuanzia hapo akawa mchaguzi wa kadi za kuhifadhia picha kama alivyokuwa wa mikanda.

Mimi nilikuwa na meza ya kushonea jirani na duka lililouza kadi hizo, kwa hiyo nilimshuhudia. Mwenye duka alizimwaga kwenye kioo kama kokwa za ukwaju.

"Chukua kubwa hii, mzee wangu. Inabeba harusi za mwaka mzima."

"Ikifa itazika harusi za mwaka mzima. Nipe ndogo tatu."

Kabla ya kulipa aliitia kadi kwenye kamera akaanza kupiga chochote kilichokuwa mbele yake. Alipiga baiskeli, kuku, mabango, miguu ya wapita njia, mimi na cherehani yangu, mpaka kadi ikajaa. Mwenye duka alikuwa akichoka.

"Mzee, unanunua au unapiga kuku wangu?"

"Kuku wako si wazuri kiasi hicho. Napima kadi."

Ikishajaa, hakutazama picha ya kwanza. Alitazama ya mwisho. "Kadi ya uongo haidanganyi mwanzoni," alituambia. "Mwanzoni inakuchekea. Inadanganya mwishoni, ukishaiamini." Ya mwisho ikionekana safi, kuku na manyoya yake, alilipa. Isipoonekana aliirudisha bila ugomvi na kuomba nyingine.

Kadi zake alizifunga kwenye karatasi nyeusi, kama mikanda, ili mwanga usiingie. Kijana wa duka la kompyuta alimweleza kwamba mwanga hauna kazi na kadi. Akamjibu, "Na giza je, limeikosea nini?" Tulimcheka, lakini sikumbuki mtu aliyepoteza picha kwa sababu ya kadi zake.

Sasa suala likawa negativu. Kamera ile haikuwa nayo, na wateja wake walitaka jambo lilelile walilozoea: picha yangu nikabidhiwe mimi, kwako isibaki. Ndipo alipoanza kutoa flashi, hii ya kuchomeka kwenye kompyuta. Aliinunua ikiwa kwenye pakiti yake, akampeleka mteja kwenye duka la kompyuta, akamkalisha ubavuni. Pakiti aliichana kwa meno mbele ya mteja ili aone kwamba ni mpya, haijatumiwa na mtu. Alihamisha picha, akafungua mbili tatu za mwanzo, akasema, "Zimeingia." Halafu akamwambia mteja, "Tazama," akafuta kadi. Skrini ikabaki tupu. Akaweka flashi kwenye kiganja cha mteja na kukifunga kiganja kwa mikono yake miwili. "Mama wa picha huyo. Mimi sina kitu."

Siku moja, nikimtania tu, nilimuuliza mbona flashi haipimi kama anavyopima kadi.

"Kadi ni jembe langu," alisema. "Flashi ni mali ya mteja. Bibi harusi wa mtu unamjaribu kwanza ndipo unampeleka kwa mwenyewe?"

Sokoni pale tulicheka mpaka nikadondosha sindano. Kila mtu aliona amejibu vizuri. Ni kweli, kwa desturi zetu alijibu vizuri. Nani angekubali flashi iliyokwisha kujazwa picha za kuku? Tungesema ametuuzia mtumba.

Nina mdogo wangu, Hadija. Niseme nilikuwa naye. Aliolewa nyumbani kwetu Mlali, ambako baba alihamia kutoka Kondoa kufuata mashamba, na mzee wa studio nilimleta mimi. Kabla hajatoa kamera kwenye mkoba baba alimwita pembeni.

"Picha ya mwanangu isibaki kwako hata moja."

"Haitabaki, mzee mwenzangu. Nitafuta ukiwa unaona."

Alipiga tangu asubuhi. Alipiga mbuzi wa shughuli, masufuria, mjomba wetu akionja chumvi kwa mwiko mkubwa kuliko mkono wake. Jua likapanda, akaja kwa Hadija. Hadija alikuwa haogopi kamera. Alimwambia, "Babu, nipige mpaka kadi ikulilie." Akapiga mpaka mchana wote ukaisha. Nilisimama nyuma yake nimeshika mwavuli.

Baada ya siku chache baba alikuja Dodoma, tukaenda wote kwenye duka la kompyuta. Alichana pakiti kwa meno. Alifungua picha za mwanzo tukaona mbuzi, tukaona sufuria, tukamwona mjomba na mwiko wake, baba akacheka. "Zimeingia." Akafuta kadi, na baba alitazama kufuta kule kwa makini kuliko alivyotazama picha zenyewe. Alimshika mzee mikono kwa shukrani, akaondoka na flashi imefungwa kwenye leso.

Mlali wakati ule hakukuwa na umeme, achilia mbali kompyuta. Tulisema tutasafisha picha baada ya mavuno. Mvua ikakata mapema, mavuno hayakuwa ya kusafishia picha. Tukasema mwaka unaofuata. Haraka ya nini, wakati tunazo mkononi? Kabla mwaka unaofuata haujafika Hadija alifariki akimzaa Rehema. Mtoto nilimchukua mimi nikamleta Nzuguni.

Rehema alipoanza shule akaanza kuuliza mama yake alikuwaje. Watoto wenzake walikuwa na mama wa kuwaona kila asubuhi. Nilikuwa na picha moja ya darasa la saba, Hadija amenyolewa kichwa, safu ya nyuma, sura ndogo kama punje ya mtama. Nilimwambia, subiri. Nikaenda Mlali, nikaifungua leso ya baba, nikarudi na flashi kwenye duka la kompyuta Dodoma.

Binti aliyekuwa kwenye kompyuta alibonyeza, akabonyeza tena.

"Mama, zinafunguka hizi za mwanzo tu."

"Hizo nyingine?"

"Majina yake yapo. Ndani hamna kitu."

Alinionyesha. Mbuzi. Sufuria. Sufuria lingine. Mjomba. Baada ya mjomba kulikuwa na vijisanduku vya kijivu, vimepangwa vizuri kwa mfuatano, tupu. Alinieleza kwamba flashi ni feki: nje imeandikwa tumbo kubwa, ndani ina tumbo dogo. Likijaa, zinazofuata inazipokea na kuzitupa, wala haisemi.

Tuna picha ya kila sufuria lililopika pilau ya Hadija. Hadija hatuna.

Nilimwendea mzee wa studio jioni ileile. Nilimwamkia, maana shikamoo haikatazwi na hasira, nikaiweka flashi mezani na kumweleza. Nikamuuliza iko wapi kadi ya siku ile.

"Kadi ile imepiga harusi nyingi tangu hapo, mwanangu."

Asubuhi tulikwenda naye kwa mwenye duka la kadi, maana flashi nayo aliinunua hapo. Yule bwana hakuinuka hata kwenye kiti. Alituonyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

"Sitaki urudishe mali," nilimwambia. "Nataka uniambie ulituuzia nini."

"Dada yangu, hizi zinakuja na kontena. Mimi mwenyewe ndani sijaziona. Soko huria hili, kila mtu anachagua."

Tulichagua nini? Tulichagua rangi ya kava. Walitufungulia milango ikaingia takataka ya dunia nzima, na wenye kuileta wakajenga maghorofa, na wa kulaumiwa ni mimi nisiyejua kuchagua. Nilisema hayo kwa sauti pale dukani. Watu walinipisha kama mtu mwenye kichaa. Mzee wa studio alinishika kiwiko tukatoka, na njiani ndipo aliponiambia neno lililonitenga naye.

"Mwanangu, nilifanya mlivyoniambia."

Angesema pole. Angesema amekosa, angesema hata amelogwa. Lakini alisema kweli, na kweli ile ilikuwa inamsafisha yeye na kuniacha mimi na masufuria. Nilimwacha palepale njiani. Tangu siku hiyo nikawa nazunguka kwa nyuma nisipite mbele ya studio.

Baadaye nilisikia kwamba hatoi tena flashi mpaka kwanza amesafisha picha moja ya bibi harusi kwenye karatasi, bure, ampe mzazi. Waliniambia wakidhani nitafurahi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Miaka ilipita. Studio ikafungwa, macho yakamwisha, akahamia kwa mwanawe hapahapa Nzuguni. Siku moja mkamwana wake alikuja kwangu akasema mzee ananiita. Nilikataa. Akaja tena kesho yake.

Nilimkuta amekaa barazani, macho meupe kama ya samaki aliyeiva. Alinitambua kwa ninavyovuta miguu.

"Umekuja na hasira yako?"

"Nimekuja nayo. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Alimwambia mkamwana alete kompyuta yake, aiweke mbele yangu, aende zake jikoni. Halafu akatoa kwenye mfuko wa shati kitu kilichofungwa kwenye karatasi nyeusi. Ilikuwa flashi ya chuma.

"Wakati ule nilikuwa nafuta mbele yenu," alisema. "Lakini wengine, usiku kabla hawajaja, nilikuwa nabakiza. Si zote. Moja, mbili."

Nilielewa polepole. Yule aliyefunga viganja vya watu kwa mikono miwili, aliyesema sina kitu, alikuwa nacho. Alikuwa ametuibia. Na naomba mnielewe: nilifurahi. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mwizi.

"Hadija yumo?"

"Sikumbuki, na kuona sioni. Ningejua hayumo nisingekutesa kukuita. Angalia mwenyewe."

Flashi niliichomeka kinyume mara mbili ndipo ikaingia. Zilifunguka zote. Alikuwemo bibi harusi wa Kondoa amefunika mdomo kwa mkono wenye hina. Alikuwemo mama muuza samaki wa Mtera anacheka, ameinua perege kama mtu anayeonyesha kikombe cha ushindi. Marehemu mume wa jirani yangu alikuwemo, anavaa koti, mkono mmoja bado unaitafuta njia, na jirani yangu huyo hana picha yake hata moja. Zilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Kila moja nilisema inayofuata ni yeye. Nilifika ya mwisho. Nikarudi mwanzo nikaanza tena.

"Yumo?" aliniuliza.

"Hayumo. Ulikuwa unachaguaje?"

"Zilizonipendeza. Zile ambazo nikizifuta, naona nimefanya dhambi."

"Hadija hakukupendeza?"

Alipapasa magoti yake. "Jua lilikuwa kali siku ile, mwanangu. Nyuso zilikuwa na vivuli."

Nilitaka kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimeona zote zinafunguka, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, na nilikuwa nimekaa jirani na lile duka la kadi.

"Flashi hii uliipima?"

"Niliipima," alisema. "Niliijaza kuku kwanza."

Za wizi aliziwekea flashi aliyoipima. Sisi tuliomwamini alituchania pakiti kwa meno.

Aliniomba msamaha. Alisema, "Nisamehe, mama," na hakuwahi kuniita mama kabla. Sijui kudanganya mtu, hata mgonjwa. Nilimwambia sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Nikamwambia, yeye angali hai, amwite jirani yangu ampe picha ya mumewe.

"Ataniita mwizi."

"Akuite. Lakini ampate mumewe."

Nilipofika nyumbani Rehema alikuwa anachambua mchele mlangoni. Nilikuwa nimemwambia ninakokwenda. Sikukaa. Nilimweleza kama yalivyo: mzee alibakiza picha za watu, zilizompendeza, na ya mama yako haimo.

Alichambua kidogo, akatupa jiwe.

"Ya mama kwa nini hakuiiba?"

Nilimwambia jua lilikuwa kali. Ndilo jibu nililopewa, sina jingine.

"Mama alikuwa anafanyaje juani?"

Nilikuwepo siku ile na mwavuli. Nikamwambia alikuwa anafumba jicho la kushoto, na mdomo unakwenda upande uleule kama anayetaka kukudanganya. Rehema aliweka ungo chini. Akageuza uso kwenye jua la jioni, akafumba jicho, akavuta mdomo.

"Hivi?"

"Mdomo," nilimwambia. "Vuta zaidi kidogo."